Anko Linus na Bwawa la Pasaka

Anko Linus huosha magari Woolwich, huku ughaibuni, kwa hivyo majira ya kuchipua yeye huyajua kabla ya watu wengine. Wengine hungoja waone maua. Yeye huona vumbi la manjano kwenye vioo vya magari, lile linalodondoka kutoka mitini, na vinyesi vya ndege waliorudi kujenga viota. Jioni huingia na viatu vyake vya mpira vikilia maji, aseme, "Miti imeamka."

Mtu anayeshinda kwenye maji hivyo huwezi kudhani anayaogopa. Lakini anayaogopa. Si ya mpira wa kuoshea, hayo hupiga gari yakaenda zake. Anaogopa maji yaliyosimama, yanayoweza kumfunika mtu. Nyumbani huoga kwa ndoo, amesimama, mlango hajaufunga vizuri. Mimi ni mtoto wa dada yake, nakaa kwake, nimeyaona hayo na sijamwuliza.

Kanisa letu hubatiza siku ya Pasaka, kwa kuzamisha mwili wote. Mwaka jana Anko alishuka majini, Mchungaji Tony akamshika mgongo amlaze, na Anko akaruka nje na kanzu yake nyeupe ikichuruzika, akapita katikati ya viti mpaka barabarani. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka.

Mwaka huu akatoa jina tena abatizwe. Tukiwa mezani akamwambia mkewe, Anti Mwende, "Nikishindwa mara hii, mimi na kanisa basi. Siwezi kuwa kichekesho cha kila Pasaka."

Anti aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Nilijua anaogopa nini. Anaogopa kukaa kwenye kiti chao cha kanisani peke yake Jumapili zote zilizobaki. Nami niliogopa, maana jina langu lilikuwa nyuma ya la Anko. Akikimbia yeye, mimi ni nani nibaki?

Jumamosi tukaenda kujaza bwawa. Kanisa ni ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la matairi, na bwawa lenyewe ni la plastiki, kama yale ya watoto kuchezea uani, ila hili kubwa, linamfika mtu mzima kiunoni. Mpira wa maji Anko aliuazima kazini. Jeff, anayeosha magari pamoja naye, alikuwa jikoni akichemsha maji ya kupunguza baridi.

"Hebu mwoneni huyu," Jeff akasema. "Anajichimbia kaburi mwenyewe."

"Nyamaza, Jeff."

"Kesho nafunga mlango, ufunguo nauweka ndani ya soksi. Tuone utapitia wapi."

Anko alicheka kwa midomo tu. Macho yake hayakuwa kwenye mpira, maji yakawa yanapiga ukuta. Yalipopanda, na sakafu ya bwawa ikaanza kupotea chini ya ile taa hafifu, akanipa mpira akatoka nje. Anti akamfuata.

Nilipofunga bomba nilisogea mlangoni. Walikuwa wameketi karibu na kisiki cha mti uliokatwa mwaka juzi, na kisiki chenyewe kilikuwa kimetoa vijiti vyekundu vyenye majani madogo, kama hakikuambiwa kwamba kilikufa.

"Si maji, Mwende," Anko alikuwa akisema. "Ni kulazwa. Ule mkono unaokusukuma chini."

Akamwambia jambo ambalo hata mama hajawahi kunisimulia. Kwao Kitui mto ukikauka hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba shimo humo mpaka wayafikie maji. Akiwa mtoto mdogo aliingia shimoni kuteka, kingo zikaporomoka. Mchanga na maji vikamfunika, mdomo ukajaa. Alisikia watu wakipiga kelele juu, mbali, kisha hakuwasikia tena.

"Mchungaji anasema tunazikwa pamoja na Kristo. Yeye anasema tu. Mimi nakujua kuzikwa."

Anti akauliza, "Nani alikutoa?"

"Mama. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Ningefanya nini? Si nilikuwa nimezikwa."

"Basi," Anti akasema. "Aliyezikwa hana kazi. Kazi ni ya anayechimba. Hata Bwana wetu, ni Baba aliyemwinua."

Anko alikivuta kijiti kimoja cha kile kisiki, akakiachia. "Aliupata mkono wangu kwanza," akasema. "Kabla ya kichwa, mkono. Ndipo nikajua kuna mtu."

Nikarudi ndani nikayatazama yale maji. Ijumaa Kuu tunalia, Pasaka tunaimba, lakini Jumamosi haina wimbo wake. Nikaona labda ndiyo siku yetu sisi waoga.

Asubuhi jua lilikuwa kali na baridi ilikuwa kali vilevile. Tulisimama na kanzu zetu nyeupe kando ya bwawa, Anko mbele, mimi nyuma. Mchungaji alikwisha kuingia. Jeff alikuwa kwenye mlango wa kutokea, hana utani leo, na alikuwa ameuacha wazi kabisa.

Anko akashuka. Midomo ikawa ya kijivu. Mchungaji alipomgusa mgongo tu, mwili ukakakamaa kama ubao, na macho yakaenda mlangoni. Nikaona mguu wake ukitafuta ukuta wa bwawa.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikanyoosha mkono juu ya ukingo.

Akaushika mpaka mifupa ikauma. "Mchungaji," akasema, "huyu asiachie."

"Haachii," Mchungaji akajibu.

Akalazwa. Maji yakajifunga juu ya uso wake. Alinibana, akanibana, kisha vidole vyake vikalegea, kimoja baada ya kingine, mkono ukabaki wazi ndani ya wangu kama wa mtu aliyelala. Sijawahi kuogopa vile. Nilijua amekufa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, hata kabla ya Mchungaji kumwinua.

Akatoka akikohoa, maji yakimwagika kila upande. Hakukimbia. Alisimama pale pale akipumua, na Anti Mwende alikuwa amesimama pia, kitambaa mdomoni, akilia bila sauti.

"Mbona uliachia, Anko?" nikamnong'oneza.

"Mimi niliachia," akasema. "Wewe hukuachia."

Kisha akapanguza uso. "Haya, njoo. Ni baridi sana, usidanganywe na mtu."

"Na mimi ndiye niliyechemsha," Jeff akasema kutoka mlangoni.

Nikainua mguu juu ya ukingo. Chini sikuona kitu. Mkono wa Anko ulikuwa bado kwenye wangu, na sasa yeye ndiye aliyekuwa ameushika.