Mfagia Umande

Baba yangu alikuwa na kazi ambayo ukiitaja mbele za watu wanacheka kwanza, halafu ndipo wanauliza. Alifagia umande. Mtaani walimwita Mzee Umande, na mimi mwanawe nikaitwa Kitone. Nilipigana shuleni kwa sababu ya jina hilo, na leo nikisikia mtu wa zamani ananiita hivyo barabarani, nageuka kwa furaha.

Uwanja wa gofu ulikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, tulikoishi. Kila palipokuwa na shimo na bendera yake, nyasi zilikatwa fupi kama zulia, na wafanyakazi wakapaita sebuleni. Umande ukilala pale, mpira hautembei sawasawa na nyasi zinashika ukungu. Basi kabla wachezaji hawajafika, Baba alivua viatu pembeni, kwa maana hakuna mfanyakazi aliyekanyaga sebuleni na viatu, akashika ufito wake mrefu unaonesa, akaupeperusha huku na huku mpaka matone yote yakaruka. Alimaliza akirudi kinyumenyume na kufuta nyayo zake mwenyewe, hata ungeapa hapajapita mtu.

"Mume wangu anafagia kitu ambacho jua lingefagia bure," marehemu Mama alikuwa akiwaambia majirani.

"Jua halina adabu, mke wangu," Baba alijibu. "Linachelewa kazini."

Mimi nilikuwa nimeshika waya wa uzio, natazama. Hamu yangu ilikuwa moja tu, kuikanyaga ile sebule kwa miguu yangu. "Siku moja, mwanangu," Baba aliniambia. Ilikuwa ahadi ya kumnyamazisha mtoto, lakini mimi niliishika kwelikweli. Harufu ya majani yaliyokatwa, redio ya Mama jikoni, Baba akirudi na suruali iliyolowa hadi magotini... Hayo nayakumbuka mpaka leo, sifichi.

Mama alifariki. Baba akastaafu, na haukupita muda klabu ya gofu ikavunja nyumba za wafanyakazi ili ipanue maegesho ya magari. Akaja kukaa na sisi, mimi na mume wangu na watoto, katika vyumba viwili vya kupanga. Alilala kwenye kochi, nyuma ya pazia. Ufito nao ulikuja. Ulikuwa mrefu kuliko chumba, kwa hiyo ncha yake ikatokeza dirishani, na jirani akaanza kuutumia kuanikia soksi.

"Angalau wewe bado una kazi," Baba aliuambia.

Ndipo halmashauri ya jiji ikatangaza kwamba inafikiria kuuchukua uwanja, kuilipa klabu fidia na kujenga makazi, na sehemu ya nyumba hizo wapewe wapangaji wa kata yetu. Nilijiandikisha siku hiyohiyo. Usiku huo watoto wangu waligombea vyumba ambavyo havijachimbiwa hata msingi.

Haukupita muda, katibu wa klabu akaja na suti yake, akaketi juu ya kitanda cha Baba bila kujua kwamba ni kitanda.

"Mzee wetu," alisema, "hakuna anayeupenda uwanja kama wewe. Njoo useme mbele ya madiwani, wakikusikia wataacha."

"Nitakuja," Baba akajibu.

Nilingoja mgeni afike barabarani. "Baba, utawasemea wale? Waliokuvunjia nyumba?"

"Nitasema la kwangu."

"Na sisi je? Wajukuu zako wanalala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule!"

"Mwanangu, zile nyasi nimezilea kabla yako."

Nikaenda kuosha sufuria, na sufuria zilijua nina hasira. Tulikaa hivyo mpaka siku ya kikao, tukisalimiana kama wapangaji.

Ukumbi wa madiwani ulikuwa na zulia la kijani kibichi toka ukuta hadi ukuta. Baba alipoitwa alitembea mpaka ukingoni mwa zulia, akainama, akavua viatu na kuvipanga pembeni. Watu wakaangua kicheko.

"Mzee, hapa hatuvui," askari wa mlangoni alimnong'oneza.

Baba akaitazama miguu yake, naye akacheka. "Mazoea yana taabu," alisema, akaenda mbele hivyohivyo, pekupeku.

"Waheshimiwa, uwanja ule naupenda. Mke wangu na mimi tulizeekea pale. Mkiuchimba, nitaumia. Lakini kazi yangu ilikuwa kufuta nyayo zangu kila asubuhi, ili anayekuja adhani hapakupita mtu. Niliifanya vizuri mno. Siku nyumba yangu inavunjwa, hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu anaishi ndani." Akageuka, akaninyooshea kidole. "Binti yangu yule pale nyuma, aliyeninunia. Mjengeeni. Wajukuu zangu nao wapate mahali pa kuacha nyayo, hata ziwe za matope."

Katibu wa klabu aliinama akatafuta kitu kwenye mkoba wake. Madiwani walipiga kura, na makazi yakapita kwa shida. Nilipaswa kushangilia. Badala yake nilimwona Baba anapapasa viatu vyake kwa mguu bila kuviona, machozi yamemjaa. Nilipiga magoti nikamvika.

Asubuhi moja, kabla matrekta hayajaingia, mlinzi wa zamani alitufungulia geti. Umande ulikuwa umetanda kila mahali. Baba alikuja na ufito wake begani. Tulipofika kwenye bendera ya kwanza alivua viatu, nami nikavua vyangu.

"Ingia," alisema. "Si nilikwambia siku moja?"

Nilikanyaga. Ilikuwa baridi na laini, na mimi niliyezililia nyumba mpya nikawa nalia kwa ajili ya nyasi. Tulivuka sebule nzima. Tulipogeuka, nyayo zilikuwa zimetufuata, zake kubwa na zangu ubavuni.

Mikono yake ilishusha ufito yenyewe, ukaanza kunesa. Halafu akaurudisha begani.

"Hufuti, Baba?"

"Aa. Mama yako alisema jua linafagia bure. Leo tuliachie."