Mchwa Aliyeitafuna Maktaba Yetu

Kuna mtu aliitukana feni ya maktaba yetu mtandaoni, na wiki haikuisha maktaba ikajaa watu.

Najua inasikika kama chumvi. Soma kwanza.

Mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kuazimisha vitabu, kuvivalisha majalada ya nailoni, na kuwaamsha waliokuja kulala. Wasomaji wetu walikuwa wanafunzi wenye mitihani na wapita njia wenye kukimbia mvua. Mvua ikikatika, na usomaji unakatika.

Basi Mkurugenzi wetu akaenda semina. Bosi akienda semina, jua kuna mtu wa chini ataumia.

Akarudi na mkoba mpya na maneno mapya.

"Jamii imehamia mtandaoni," akatuambia. "Maktaba lazima iifuate huko huko. Wewe," akaninyooshea kidole, "kuanzia leo ni Afisa Mitandao."

"Na mshahara, bosi?"

"Huu ni wito."

Haya. Nikaitika wito, nikafungua ukurasa. Picha ya kwanza akaichagua mwenyewe: jua linazama, maandishi ya dhahabu, "Kusoma ni Mwanga." Ikapendwa na watu watatu. Yeye, mkewe, na mimi niliyesimamiwa kichwani.

Ndipo akaibuka mtu anayejiita Mchwa Mla Vitabu. Sura hana, kaweka picha ya kichuguu.

Akaandika: "Hilo jua mmelipiga picha wapi? Dirisha lenu linatazama choo."

Nikajibu kiofisi: "Asante kwa maoni yako, mdau wetu mpendwa."

"Mimi si mdau. Mimi ni mtu."

Nikafunga simu. Kesho yake tena. Tukitangaza vitabu vipya, anauliza vya zamani vimeozea stoo gani. Tukiandika "Karibuni nyote", anauliza hao nyote watakalia nini wakati viti vingine vina miguu mitatu.

Na ubaya wake ni mmoja: alikuwa anasema kweli. Mwongo unamkanusha. Mkweli utamfanyaje?

Mkurugenzi akaitisha kikao. Uso umemvimba kama andazi.

"Huyu ana mtu humu ndani. Ya stoo anayajuaje? Nitamsaka anayevujisha, na nikimpata atakwenda kuazimisha vitabu nyumbani kwao. Afisa Mitandao, niletee huyo msaliti."

"Sawa, bosi," nikasema, tena kwa hasira ya kweli. Jioni ile niliwakagua wenzangu mmoja mmoja. Nikamshuku mlinzi. Nikamshuku dada wa usafi. Dada wa watu, kosa lake ni kutabasamu tu.

Nyumbani nako nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwagia, mume wangu, naye ni dereva wa malori ya safari ndefu. Anaonekana kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo kila jioni nampigia simu nikiwa chumbani, namshushia yote ya kazini, anacheka, analala, maisha yanaendelea.

Ndani ya nyumba tulibaki mimi na baba mkwe, aliyehamia kwetu alipofiwa na mkewe. Kati yetu ni heshima mtindo mmoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Naweka chai, narudi jikoni kinyumenyume kama mjakazi wa sultani. Miaka inapita, hotuba yetu haijaongezwa neno.

Turudi kwa Mchwa.

Siku moja joto limekaza, Mkurugenzi kaniagiza nitangaze "mazingira rafiki ya kusomea". Nikatangaza. Mchwa huyo, hata hajachelewa: "Feni ya chumba cha kusomea inazunguka kwa umeme au kwa imani?"

Sijui shetani gani alinishika mkono. Nikajibu kwa jina la maktaba: "Kwa imani. Umeme tunaitunzia ofisi ya Mkurugenzi."

Nikatuma. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi, simu ilikuwa inaruka mezani kama kuku aliyechinjwa.

Mji mzima ulikuwa unacheka. Watu wanasambaza, watu wanaulizana maktaba yenyewe iko wapi. Wengine wameishi mtaa wa pili tangu kuzaliwa, ndiyo kwanza wanasikia.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Mkurugenzi akaniita. Alikuwa anatazama simu, midomo inacheza, anahesabu waliopenda.

"Endelea," akasema. "Ila jina langu liweke mbali."

Wakaanza kuja. Walikuja kuitazama feni, wakaipiga picha, wakaona kuna na vitabu. Wengine wakajiandikisha. Seremala mmoja akavitengeneza viti bure, kwa sharti tumtaje ukurasani. Feni nayo ikapata fundi. Semina nzima haikufanya kilichofanywa na tusi moja.

Mimi na Mchwa tukawa tunarushiana kila siku, watu wanasubiri kama mechi. Alisema majalada yangu ya nailoni yanafanana na maandazi ya harusi ya maskini. Nikamuuliza kama ana meno ya kweli au anatafuna vitabu kwa fizi. Akajibu kwamba fizi zake zimesoma kuliko mimi. Nikacheka peke yangu hadi nikajishtukia. Nilikuwa naamka nikimfikiria huyo kenge atasema nini leo.

Mkurugenzi akaja na wazo. Mchwa aitwe hadharani, apewe cheti cha Mdau Bora, wapigwe picha pamoja.

"Na akishakuja," akaninong'oneza, "nitamuuliza nani anamvujishia. Mbele ya watu hawezi kukwepa."

Nikamwalika. Akakubali.

Siku ikafika, ukumbi umejaa. Nimesimama mlangoni namsubiri kijana mtundu mwenye miwani. Nikamwona baba mkwe anaingia, koti limepigwa pasi.

Nikajua mume wangu kapata ajali.

"Shikamoo baba. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna kitu. Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Akatabasamu. Meno ya mbele hana.

Ndugu yangu msomaji, Mchwa ndiye huyo. Kila nilichoandika kilinijia mstari kwa mstari. Fizi. Kenge nilimwita hadharani pia, sikuambii mara ngapi.

Akapanda mbele, akapokea cheti, picha zikapigwa. Mkurugenzi akashika maikrofoni.

"Mzee wetu, siri za ofisi yangu ulikuwa unazipata wapi?"

Baba mkwe akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, na sakafu haikufunguka.

"Kuta, Mkurugenzi," akasema. "Kuta ni nyembamba mno."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akaandika kitu. Wiki iliyofuata alileta mhandisi kukagua kuta za maktaba, na mhandisi akakuta ni nene kama za gereza.

Siku ile ya cheti, mimi na baba mkwe tuliondoka pamoja kwa miguu. Nilitangulia kuomba radhi, akanikatiza.

"Kila jioni unamsimulia mume wako, mwanangu. Chumba changu kiko upande wa pili wa ukuta. Msaliti uliyekuwa unamtafuta ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Kule chumbani unacheka, unasema, una maneno makali kama wembe. Ukiniletea chai unakuwa jiwe. Marehemu alikuwa anabishana nami mchana kutwa. Alipoondoka, nyumba ikajaa heshima. Heshima haina mazungumzo, mwanangu."

Siku hizi nikipeleka chai naketi. Tunabishana hadi inapoa.

Mkurugenzi anaendelea kuamini kwamba teknolojia imeiunganisha maktaba na jamii. Simbishii, ana cheti cha semina. Ninachowaachia ni hiki: unaweza kumkimbilia mtu wa mbali mtandaoni, na wa karibu ukamwachia shikamoo peke yake.

Na kabla hujamtolea mtu uvivu kwenye maoni, hakikisha si yeye utakayempikia usiku.