Ufutio wa Mkutubi

Mkutubi wetu wa shule huweka penseli sikio la kulia, kalamu ya wino sikio la kushoto, na ufutio huuning'iniza shingoni kwa uzi kama hirizi. Kila jioni hufuta maneno ambayo wasomaji wameyaandika pembeni mwa kitabu cha kumsifu mheshimiwa mmoja. "Shujaa!" "Shujaa wa kusinzia bungeni!" "Koma, alitujengea daraja!" "Mto uko wapi?" Hufuta, hupuliza vumbi, pfuu, hunung'unika: "Kitabu si ukuta wa choo, wanangu." Mwalimu mkuu ameapa kwamba akiona tena hata neno moja, atakichoma, na mzee huyu hataki kitabu chochote kichomwe, hata hicho.

Jana nilimkuta amefika panaposema kuwa mheshimiwa hajawahi kuchelewa popote. Mabega yakaanza kumtikisika. Akapapasa sikio, akaandika pembeni: "Kwenye mahafali yetu tulimngoja saa tano nzima, juani!" Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akafuta. Akafuta tena, kwa nguvu. Akashika sikio la kulia: penseli ilikuwa bado ipo.

Viatu vya mwalimu mkuu vikalia mlangoni.

"Mjukuu wangu," akaninong'oneza, "hebu kikalie."

Nikakikalia mpaka kengele ilipolia.