Boti Iliyokunywa Maji ya Bomba Langu

Mpaka leo nikisikia neno bima, damu inanichemka. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Hii ni habari ya jirani yangu Bwalya, mtu mpole kuliko wote niliowahi kukaa nao mtaa mmoja, na upole wake huo ulinitia hasira karibu sawa na ujinga wa wale waliomtesa.

Tuliishi Katuba, mtaa wa Lubumbashi, nyumba yake ikitazamana na yangu. Kanisani alibatizwa Constantin, lakini miaka ile majina ya ubatizo yalipigwa marufuku na serikali, na sote tukawa masiteyeni, yaani wananchi, wenye majina ya mababu. Tangu ujana wake Bwalya alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba. King'ora kikilia, anaondoka. Mkuu akisema rudi, anarudi. Jumamosi za salongo, tulipoitwa kufagia barabara na kuzibua mitaro bila malipo, sisi wengine tulijitia wagonjwa. Yeye alitangulia kufika na ufagio wake, tena anatabasamu.

Kitu kimoja tu alikitaka kwa ajili yake mwenyewe: kurudi kwao Kilwa, kwenye ziwa Mweru, akasafirishe watu kwa boti. Mgiriki mmoja mchuuzi wa samaki alipofunga virago kuondoka nchini, alimuuzia boti yake ya mbao, yenye chumba kidogo na mashine nzuri, ambayo familia yake ilikuwa ikitembelea ziwani siku za Jumapili. Bwalya alitoa akiba yake yote na kuaga kazi. Mkewe, ambaye mtaani hatukuacha kumwita Edith, aliuza meza yake ya sokoni. Walibaki na boti ile tu, basi.

Tatizo lilikuwa bima. Ile ya Mgiriki ilikwisha muda wake, na mkuu wa bandari ya Kilwa hakuruhusu boti ya abiria itoke bila bima mpya. Huyo simlaumu, kwa sababu mwaka uliotangulia watu walizama. Ofisi ya bima ilikuwa huku kwetu Lubumbashi. Bwalya akaenda, akaambiwa bima haihuishwi mpaka mkaguzi aione boti kwa macho yake. Vizuri, akasema, twende Kilwa. Wakamcheka. Barabara mbovu, gari la ofisi halina mafuta, mkaguzi hawezi kwenda kulala porini. Ailete boti mjini.

Ailete boti mjini! Mtu mwingine angewauliza wamekunywa nini asubuhi ile. Bwalya akasema, "Ndiyo, siteyen," akaenda kuileta.

Ilikuja juu ya lori la samaki wakavu la mtu mmoja aitwaye Chanda, imefungwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali kwa nguvu. Kwanza waliipeleka Karavia, kwenye maji ambako wakubwa walikwenda kupunga upepo, wakaomba iegeshwe hapo siku chache tu. Mlinzi wa klabu yao akaziba pua, akasema inanuka samaki. Basi ikashushwa mtaani kwetu, ikalazwa juu ya mapipa, ncha yake ikinitazama mlangoni.

Sasa, boti ya mbao haikuumbwa kukaa juani. Ikiwa majini, mbao huvimba na viungo vyake hubanana. Ikikaa nchi kavu, mbao husinyaa na kuachia nafasi. Kwa hiyo kwao Bwalya, boti ikipandishwa ufukoni wakati wa kiangazi, hujazwa maji ndani. Mtoto yeyote wa ziwani anajua hilo. Bwalya akafanya hivyo hivyo hapa Katuba, na kwa kuwa mwenye bomba katika kipande chetu cha mtaa nilikuwa mimi, boti ile ilikunywa maji yangu. Kila jioni mimi na Edith na wanawake wengine tulipanga ndoo. Maji ya kusuuzia nguo nayo, botini. Watu wa mitaa mingine walikuja kututazama na kutucheka, wakiuliza boti itaota lini na sisi tutavuna nini. Mbu walipozidi, Bwalya alitia mafuta ya taa kidogo juu ya maji. Na chini ya boti hapakudondoka kitu. Niliinama mwenyewe nikapapasa mchanga, na ulikuwa mkavu.

Mkaguzi hakuwa na haraka. Tulimngoja mpaka tukachoka kumsema. Alipofika hatimaye, siteyen Ngosa, mwenye suti ya abakosti isiyo na tai, iliyopigwa pasi kali na mkoba chini ya kwapa, hakutaka hata kuizunguka boti. Edith akamletea kiti, akapanda juu yake, akachungulia.

"Mais! Ii boti iko na maji ndani!"

"Ni maji yetu, siteyen," Bwalya akasema. "Tuko natia siye benyewe, juu mbao isikauke."

"Boti yenye iko na maji ndani, ni boti yenye kuingiza maji. Njo vile."

"Inaingiza toka wapi?" nikadakia. "Uko naona ziwa hapa Katuba? Ile maji ilitoka ku robine yangu!"

"Mama, miye niko naandika ile macho yangu iko naona. Nikirudia, nikute iko mukavu. Mukavu kabisa."

Bwalya akajaribu tena. Akamwonyesha kwa viganja vyake namna mbao zinavyobanana na namna zinavyoachana. Akamwomba ainame tu aguse mchanga. Ngosa alikuwa ameshafunga mkoba, anatafuta pa kukanyaga ili asichafue viatu. Mtu hakuinama! Kuinama tu, kitu ambacho mwili wake ungemfanyia bure, nacho kilimshinda.

Bwalya akavuta kizibo cha chini ya boti, na maji yote yakaenda mtaroni.

Jioni nilitoka na ndoo yangu kama kawaida. Akasimama kati yangu na boti.

"Mama Bijou, acha. Batakatala tena."

"Ikikauka itakufa, Baba Bwalya!"

"Najua. Na bila karatasi iko ya kufa vilevile."

Nikamwaga ndoo ile miguuni pake nikarudi ndani. Nilikaa siku nyingi bila kumsalimu. Nilitaka amtukane mtu, yeyote, hata mimi. Badala yake aliifunika boti kwa magunia na kukaa kwenye kivuli chake, akiisogezea gunia hili hapa na lile pale jua lilipohama. Lakini jua la Oktoba la Lubumbashi halina mchezo. Mchana tulisikia mbao zikilia. Siku moja tukiwa tunakula, ikatoka sauti moja kubwa, na mtaa mzima ukatoka nje. Ubao wa chini kabisa, ule unaobeba boti yote, ulikuwa umepasuka kutoka ncha hadi ncha. Ukiingiza kichwa ndani ya chumba kidogo uliweza kuona kuku wangu wakipita chini. Ubao wa namna hiyo haupatikani kwa fundi wa mjini, na Edith hakuwa tena na cha kuuza.

Ngosa akarudi. Akapanda kiti kilekile, akachungulia.

"Voilà! Sasa iko bien. Mukavu."

"Siteyen," nikasema, "si uko naona jua inapita mu mbao?"

"Mama, assurance ni ya maji. Haiko ya jua."

Akaweka karatasi juu ya mkoba, akatia sahihi, akagonga muhuri. Bima ya boti ya abiria, mwaka mzima. Edith, ambaye adabu haikumtoka hata siku ile, akamletea kinywaji, na bwana mkubwa akaketi kukinywa.

Chanda wa lori alikuwa amekuja kuuliza kama boti inarudi Kilwa. Aliisoma karatasi kupitia bega la Bwalya, kisha akaigonga boti kwa ngumi.

"Kama unachoka nayo, unipe miye, pamoja na karatasi yake. Nitakulipa muzuri. Natia goudron, ile lami, natia rangi, na kesho kutwa iko mu ziwa."

Edith akamtazama mumewe. Sote tuliokuwa pale tulijua mawazo yamemwendea wapi. Meza yake ya sokoni, akiba, maisha yao yote yangeweza kurudi siku hiyohiyo.

"Bantu batapanda?" Bwalya akauliza.

"Batapanda bien. Karatasi iko na muhuri."

"Na bamama na batoto?"

"Bantu yote, Baba. Juu ya nini hawatapanda?"

Bwalya akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kutafuta kalamu, maana huyo ndiye Bwalya niliyemjua. Alitoka na shoka. Hakumtazama Ngosa wala Chanda. Pigo la kwanza aliliteremsha kwenye ubavu wa boti, chini kidogo ya chumba, na mbao kavu zikapasuka kwa urahisi wa kutisha.

Ngosa akaruka kutoka kitini, kinywaji kikimmwagikia suruali. "Siteyen! Ii boti iko na assurance! Huna haki ya kuivunja!"

"Hakuna muntu atakufa mu boti yangu!" Bwalya akapiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akipiga kelele. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta, akapiga tena, na tena.

Chanda akaondoka akitikisa kichwa. Ngosa akasema ataandika ripoti, na mimi nikamwonyesha njia kwa lugha ambayo sitairudia hapa. Nilipogeuka, ubao mmoja mrefu ulikuwa ukirukaruka kila shoka lilipoupiga, hautulii. Edith alikuwa ameweka chini glasi tupu ya Ngosa. Akaenda, akapiga magoti mchangani, akaukandamiza ule ubao kwa mikono yote miwili ili mumewe apate kuukata.