Jibu Ulichoulizwa

Mwanangu, kabla hujaitwa kwenye mtihani wako wa kuzungumza Kiingereza, nisikilize kidogo. Nakumbuka asubuhi niliyotoka kijijini kwetu Ole bila kujua naenda wapi. Skuli nilishaiacha, kijana nisiyetulia. Alasiri ikanikuta pwani ya Micheweni, kwenye vichanja vya kuanikia mwani, na pa kulala sina.

Mama mmoja, Bi Mize, alikuwa akigeuza mwani wake; nikamsalimu, nikamweleza hali yangu. Binti yake Salma akimsaidia, huku akisoma insha ya Kiingereza kwa moyo, kwa sauti ile tunayosomea Kurani chuoni, mwili ukiyumba mbele na nyuma. Kesho yake walimu wageni wangemwita peke yake kumpima kuzungumza. Akishindwa, nafasi ya skuli ya bweni imempita, abaki pwani kufunga mwani.

Mimi na udadisi wangu, nikamuuliza kwa Kiingereza nilichookota kwa wageni kwenye bandari ya Mkoani: mwani huu hukauka kwa siku ngapi? Salma akasimama wima, akaanza insha: jina lake, baba yake, ng'ombe wao. Hakukosea hata neno.

"Mashaallah," akasema Bi Mize. "Umemsikia?"

"Nimemsikia, Bi. Ila hakunijibu."

"Mtoro wa skuli wewe, ndiye wa kumtahini mwanangu?"

"Mama, kweli," Salma akasema taratibu. "Kauliza habari za mwani."

Akafikiri. Kisha akatoa maneno machache ya Kiingereza, mengine yamevunjika.

"Umefahamu?" Bi Mize akaniuliza.

"Nimefahamu. Siku mbili jua likiwapo. Mvua ikinyesha, tabu."

Akaacha kugeuza mwani. "Basi leo hulali njiani. Kipo chumba cha kuwekea kamba za mwani. Utakula, kisha utamuuliza mpaka uchoke wewe."

Nikaingiza kifurushi changu ndani, tukaanza.

Mwanangu, chuoni kuhifadhi ni ibada, usiache. Lakini anayekupima lugha anataka kujua kama mnaweza kufahamiana. Msikilize mpaka amalize. Usipomsikia, muombe arudie, wala hiyo si aibu. Kisha mjibu alichouliza, hata kwa maneno mabovu. Usingoje siku ya mtihani. Leo hii mtafute mwenzako muulizane. Mungu akupe masikio ya kusikiliza, akufungulie ulimi, na mlango utakaoingia usikutie hofu. Amin.