Ngamia wa Kinu cha Langoni

Chuoni nilitoka na Juzuu Amma tu, skuli sikuingia. Lakini kinu cha mafuta ya simsim pale Langoni, Amu, nilikisimamisha mwenyewe, baada ya miaka ya kukata boriti za mikoko matopeni. Sikupewa na baba wala mjomba. Ngamia pia nilimnunua kwa jasho langu. Nikimfunga kitambaa cha macho, alizunguka kutwa, mchi ukisaga, mafuta yakichuruzika; na yale makapi, mashudu, ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Simsim ikija, nala mimi na ala ngamia.

Simsim ilitoka Chundwa, kwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Mwaka mmoja, uhuru tumeshapata, haikuja. Nikangoja. Mashudu yakaisha, nikarudi matopeni kumkatia ngamia majani ya mikoko, kazi niliyoapa kutoirudia. Akala, na mbavu zikazidi kuhesabika.

Siku moja nikamkuta mke wangu akikaanga samaki kwa mafuta ya mkebe.

"Bi, haya ni ya nani?"

"Ya dukani, Bwana. Yako yamekwisha, na watoto wataka kula. Tena haya hayachachi upesi."

Ningegomba, lakini nilionja yule samaki. Alikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikaenda Chundwa kwa mashua. Nyumba ya shemeji ilikuwa na paa la mabati, jipya, likimeta mpaka nikafumba macho.

"Shemeji, umekuya kusalimu au umekuya kugomba?" akaniuliza.

"Nimekuya kuchukua simsim."

"Imekwisha. Tajiri wa Mombasa aichukua yote. Bei yake yaishinda yako, na halipi kwa maneno."

"Yeye aipeleka wapi?"

"Nti za watu, ng'ambo, kwenye viwanda. Huko yakamuliwa, mafuta yatiwa mikebeni." Akacheka. "Kila jiko sasa lina mkebe; huenda wa kwako simsim yake ilimea papa hapa."

"Nawe waona sawa?"

Kicheko kikatoweka usoni mwake. "Miaka yote mvua ikinya, mke wangu ahamisha vitanda. Nikupe wewe simsim, nilale majini, ili ngamia wako ashibe?"

Nikainuka, nikamuaga. Asemaye biashara ya ulimwengu ni balaa tupu, hakulala chini ya makuti yanayovuja. Asemaye ni neema tupu, hakupita Langoni kukiona kinu changu kimekauka.

Nilipokuwa nashuka pwani, shemeji alinifuata na pakacha la simsim begani.

"Chukua. Hii si ya kuuza. Mpe ngamia."

"Mimi si maskini wa sadaka ya Ijumaa," nikamwambia, nikaliacha mchangani.

Nilirudi Amu na heshima yangu nzima. Ngamia hakuila.

Nilizunguka mui mzima, mtaa hadi mtaa, kutafuta wa kumnunua. Nani amtake? Hakuna kazi nyingine aliyoijua ila kuzunguka. Nikaomba kila sala, nikaomba mpaka maneno yakaniishia. Asubuhi moja alikuwa amelala, nikamwita, hakuinuka, akanitazama tu. Nikamwita mchinjaji angali na roho, asije akafa kibudu. Mke wangu alilia kama aliyefiwa. Nyama yake haikuingia kwetu.

Kinu nacho hakikupata mnunuzi. Watoto hawali mawe. Nikaenda forodhani kutafuta uhamali.

Msimamizi alikuwa kijana wa bara. "Mzee, utaweza kweli?"

"Nilikata boriti wewe hujazaliwa."

"Haya basi, mzee wa boriti, magunia ni yale ya Mombasa. Usije ukanifia hapa!" Wenzake wakacheka.

Nikainamia gunia la kwanza, nikaijua harufu kabla ya kuona. Simsim. Na ule mshono wa ukindu mdomoni mwa gunia nilikuwa nikiufungua kila mwaka kwa kisu changu: mshono wa shemeji. Pembeni palikuwa na kitobo. Nikachukua punje kiganjani, nikazisugua kwa kidole gumba, nikazisugua, mpaka mafuta yakatoka.

"Mzee! Chombo hakingoji!"

Mafuta yale nikajipaka begani, nikabeba.