Maji ya Asumini ya Mama Salma

Enzi zetu, sisi watoto wa Sib, kule Omani, mwaka mpya wa Kithai tuliujua kwa harufu ya asumini. Aliyetuletea ni jirani yetu Mama Salma, Mthai aliyeolewa na Mwomani aliyekwenda Bangkok kumuuguza baba yake, akarudi na baba mzima na mke juu. Kila Aprili, joto la Maskati likishaanza kututia adabu, alichuma asumini uani kwetu, akazimwaga kwenye bakuli la maji, akatia na marashi ya mawaridi. Kwao, siku hiyo mdogo humwagia mkubwa maji viganjani, polepole, na mkubwa humwombea dua. Mama yake alikuwa mbali mno, basi akamchagua bibi yangu.

Mara ya kwanza hakuna aliyemweleza Bibi. Naye ni mtu wa Unguja, na kwetu maji yakija mikononi, sinia linafuata nyuma. Mama Salma alipiga magoti, akammwagia. Bibi akanawa barabara, akakunja mikono ya gauni, akasema Bismillahi, akangoja. Mwisho akamgeukia mama yangu: "Nshanawa mie. Chakula ki wapi?"

Mama alikimbilia jikoni nusura ateguke mguu, akarudi na halwa na wali uliobaki mchana. Mama Salma alicheka mpaka machozi, halafu akalia kweli. Alisema, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kiarabu, kwamba mama yake naye angeuliza hivyo hivyo. Bibi akamkumbatia na mikono yake ile iliyolowa, akamwombea dua ndefu yenye kikohozi katikati. Tangu mwaka ule, pilau ilikuwa ikipikwa mapema.

Maji yaliyobaki tuliachiwa sisi watoto. Tulimwagiana kwa kopo nyuma ya tangi, na kelele zikizidi Bibi alipaza sauti, "Mnacheza au mnapigana?" Tukanyamaza, tukaendelea kwa kunong'ona.

Siku hizi vijana wetu hupanda ndege kwenda huko huko kupigana maji barabarani, bunduki za plastiki begani, simu zimening'inia shingoni ndani ya mfuko kama hirizi. Wasiopata safari huileta vita nyumbani. Aprili hii wajukuu wa Mama Salma waliugeuza ua wake uwanja wa mapambano, muziki ukitikisa madirisha. Nilipoingia tu, nikapigwa maji sikioni. Siwalaumu, joto ni joto.

Lakini Mama Salma, mzee sasa, alikuwa kwenye kiti kibarazani, mkavu kabisa. Walimkwepa kwa heshima wasimloweshe. Mikono ilikuwa mapajani, viganja vimeelekea juu. Iliniuma, wallahi. Mwanamke aliyemtunzia heshima bibi yangu miaka yote ile, leo hana wa kumnawisha.

Nikarudi kwetu. Bibi hayupo tena, ila mti wake wa asumini upo. Nilichuma, nikajaza bakuli, nikapiga magoti mbele ya Mama Salma, magoti yenyewe yakilalamika. Maji yalipopita viganjani alifumba macho. Aliniombea dua kwa maneno ya Bibi, moja baada ya jingine, hata kile kikohozi cha katikati hakukiacha.

Kisha akakunja mikono ya gauni, akanitazama.

"Nshanawa mie, mwanangu. Chakula ki wapi?"

Sikuwa nimepika kitu. Enzi zetu, pilau ingekuwa tayari.